Mizizi Ishirini na Minne kwenye Katoni za Watu

Jumatatu, 12 Mei

Sijaingia darasani hata mara moja. Haya, nimeandika. Hakuna mtu mwingine anayejua. Si Mama kule Thika, si Shangazi Muthoni ninayeishi naye hapa Sanyuanli, Uchina. Hata Mungu sijamwambia rasmi.

Kila siku saa nane mchana Shangazi hunitazama nikichukua daftari kwenda darasa la Kiingereza, jengo la pili kutoka kwetu, ghorofa ya sita. Huridhika sana. Lakini siku ile ya kwanza nilipofika mlangoni niliwakuta wakisimama mmoja mmoja na kujitambulisha kwa sauti. Watu ishirini! Wote wamegeuza shingo! Nikahesabu zamu yangu ni ya ngapi. Nikarudi chini. Leo ni wiki ya tatu.

Sijakaa bure, lakini. Naingia godauni ya Shangazi kwa mlango wa nyuma. Shangazi ni ajenti wa mizigo. Wafanyabiashara wa kwetu hununua vitu vyao masokoni, yeye huvikusanya godauni, hujaza kontena na kulipeleka bandarini Huangpu. Nyuma ya katoni nina kiti changu. Na nina mbinu yangu.

Mizizi! Walimu wote wamekosea. Wanafundisha neno mojamoja, kama mtu anayenunua mchele punje kwa punje. Mimi nimegundua kwamba maneno makubwa ya Kiingereza mengi yametoka Kilatini, na yana mizizi, kama sisi tulivyo na pika, mpishi, mapishi, upishi. Shika mzizi, umeshika ukoo mzima. Port ni kubeba. Import, kubeba kuingiza. Export, kubeba kutoa. Miezi mitatu nimekaa chini ya bango la Shangazi la Import and Export nikidhani ni biashara. Kumbe ni Kilatini!

Mtihani wa kuingia mwaka wa maandalizi wa chuo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Maswali sitini ya msamiati. Ukipata arobaini, umeingia. Ukipata thelathini na tisa, Shangazi ameshasema, narudi nyumbani mwezi wa sita kumsaidia Mjomba Japheth na kuku wake. Kuku mia nne. Wananijua kwa sura na hawanipendi.

Sina wasiwasi wowote.

Jumanne, 13 Mei

Adui amejitokeza. Anaitwa Marlène, ametoka Lubumbashi, ana miaka kumi na tisa. Mama yake, Mama Nadège, ni mteja wa Shangazi. Huyu Marlène atafanya mtihani uleule. Hasomi! Anakaa juu ya marobota akipaka rangi kucha.

Leo alinikuta kwenye kiti changu akauliza nasoma nini. Kwa ukarimu nikamweleza, kwa sauti ndogo, maana sina nyingine. Nikamwambia scrib ni kuandika. Akasema ma chère, weye unajichokesha bure, hiyo ni Kifaransa tu iliyovaa koti. Nikamjaribu kwa maneno makubwa kumi. Akapata tisa, brashi ya kucha mkononi, bila kunitazama usoni. Akanijaribu mimi. Nikapata sita.

Mojawapo ya yale manne lilikuwa important. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua: im ni ndani, port ni kubeba, kwa hiyo ni kitu kilichobebwa kuingizwa ndani, yaani bidhaa ya kutoka nje. Alicheka mpaka akaharibu kidole gumba. Mama Nadège akaja kuuliza kuna nini. Akaambiwa. Naye akacheka. Sasa ananiita Mademoiselle Important, na leo jioni mchuuzi wa maembe amesikia.

Nashikilia msimamo wangu. Bidhaa za kutoka nje ni jambo muhimu. Muulize Shangazi.

Yule ana Kifaransa, amezaliwa nacho, hana sifa yoyote. Mimi nitamshinda kwa mbinu.

Alhamisi, 15 Mei

Mbinu imepatikana! Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Kosa langu lilikuwa daftari. Ukifunga daftari, mizizi inalala. Inatakiwa mizizi iwe njiani, jicho likutane nayo huku miguu ikitembea. Na mimi natembea wapi kila siku? Godauni. Na godauni kuna nini? Katoni!

Kila mfanyabiashara ana alama yake ya mzigo, imeandikwa kwa kalamu nene upande mmoja wa katoni. Za Bwana Abednego wa Kamukunji ni ABD. Za Mama Nadège ni NDG. Vibarua wa hapa hawajui majina yetu, wanafuata alama. Sawa. Lakini katoni ina pande nne! Tatu ziko tupu! Huo ni upotevu wa karatasi ambao hakuna mtu hapa ameufikiria.

Nilikuwa na kalamu nyeusi niliyonunua kwenye maduka ya mtaa wa Yide Lu, ile ya wino usiofutika hata kwa mvua. Nikaandika mizizi ishirini na minne, kila mmoja kwenye katoni sita. Katoni mia moja arobaini na nne. DICT, kusema. SPECT, kutazama. RUPT, kuvunja. JECT, kutupa. Herufi kubwa, zilizonyooka, mistari imelingana. Shuleni sikuwahi kusifiwa kwa lolote isipokuwa mwandiko, na leo mwandiko umefanya kazi.

Nimetembea kutoka mlangoni hadi ukutani mara kumi na moja. Nimehifadhi mizizi yote. Yote! Marlène aendelee na kucha.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya ushindi mdogo. Shifu Liang, fundi mkuu wa vibarua, alinikuta katikati ya matembezi yangu. Ni mzee mpole, kofia haivui. Akaelekeza kidole kwenye DICT, akaelekeza kwenye ABD, akasema sentensi ndefu sana ya Kichina. Nikashika neno moja tu: mpya. Anauliza kama ni mpya.

Ni kweli ni mpya. Niliandika jana. Kumwomba arudie kungehitaji sauti, na vibarua watatu walikuwa wanatazama. Nikaitikia kwa kichwa. Dui, nikasema, ndiyo.

Akafurahi. Akachukua kalamu yake na kuikata ile ABD kwa mstari. Kisha akaenda katoni ya pili akakata NDG. Nikadhani ananipunguzia msongamano wa herufi. Watu wa hapa wana adabu.

Mizizi: 24. Wasiwasi: 0.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa chooni. Nimejifungia.

Leo ilikuwa siku ya kupakia kontena. Saa tisa nilirudi kutoka "darasani" (leo nilijificha ngazini, godauni ilijaa vibarua) nikakuta uani hakuna mzigo wa Bwana Abednego wala wa Mama Nadège. Kuna vilima. Vilima ishirini na vinne, katoni sita kwa kila kilima, vimefunikwa turubai kwa sababu ya mvua. Shifu Liang amesimama katikati na ubao wa karatasi, anamuuliza Shangazi, mstari kwa mstari, kwa heshima zote: laoban DICT ni nani? Laoban SPECT? Namba ya simu ya laoban RUPT?

Laoban ni bosi, mwenye mali. Sasa nimeelewa, na ningependa kutoelewa. Mzigo ukiuzwa kabla ya kupakiwa, mnunuzi huandika alama yake kwenye katoni, ya zamani hukatwa, na alama mpya ndiyo inayoshika. Kila mtu hapa anajua hilo. Kila mtu! Kwa nini siku zote hizi hakuna aliyeniambia? Nimewauza watu wawili kwa wanunuzi ishirini na wanne wa Kilatini.

Shangazi aligeuka na mwavuli wake akawauliza wote kwa Kiswahili huyu Spect ni nani, ni Mnaijeria? Bwana Abednego alikuwa ameshika kichwa. Akasema yeye hajamuuzia mtu hata kijiko, na kama ni mchezo, basi anaomba mchezaji ajitokeze amuone urefu. Mama Nadège akasema kwao Lubumbashi mtu akikuibia anakuibia, haandiki jina lake.

Na Marlène? Marlène alizunguka vilima polepole, akasoma kimoja baada ya kingine, midomo ikitembea. Kisha akanitazama. Kisha akatazama kucha zake. Hakusema kitu. Hicho ndicho kinachonitisha zaidi.

Lori la Huangpu limeondoka tupu. Shangazi ameweka tangazo kwenye kundi la WeChat la wafanyabiashara: wenye alama zifuatazo wafike ofisini na vitambulisho.

Nina mpango. Nitaandika barua isiyo na jina.

Jumapili, 18 Mei

Barua: "Kwa Anti Muthoni. Katoni zote ni za wenyewe wa zamani. Usiulize. Mimi ni Rafiki Mwema." Niliipenyeza chini ya mlango wa ofisi asubuhi. Saa nne Shangazi alikuja jikoni nayo akauliza kwa nini Rafiki Mwema ana daftari lenye sungura kama langu. Nikasema sungura hao wanauzwa kila mahali Yide Lu. Akasema ni kweli. Akaondoka. Nikapumua!

Pumzi moja tu. Saa tano alifika mtu anaitwa Eliudi na mkokoteni.

Eliudi anajulikana Sanyuanli nzima. Hana duka, hana mzigo, ana koti la suti na habari za kila mtu. Akasema ameona tangazo, anamshukuru Mungu, DICT ni yeye. Shangazi akamuuliza DICT inatoka wapi. Bila hata kumeza mate Eliudi akasema jina lake la ubatizo ni Benedict, na yeye hutumia nusu ya nyuma kwa unyenyekevu.

Benedict! Bene ni vizuri, dict ni kusema. Msema vizuri! Hata kwenye balaa lile mizizi ilifanya kazi, nikaona fahari kubwa.

Lakini akaanza kupakia. Katoni ya kwanza. Ya pili. Bwana Abednego alikuwa ameketi kwenye ndoo, hana karatasi ya kuthibitisha kitu maana alama yake imekatwa, na hizo pawa na machujio ni za duka analofungua mke wake. Alinisimulia wiki iliyopita. Mimi ndiye msikilizaji mzuri, kwa kuwa siongei. Eliudi akainua ya tatu.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilipiga ukelele: "DICT ni mimi!"

Wote wakageuka. Shangazi akauliza tangu lini nina mzigo. Eliudi, yule mtu, akanipa mkono akasema basi sisi ni washirika, tugawane tatu tatu. Nikasema hapana, zote ni mimi, na SPECT ni mimi, na RUPT ni mimi, na ni Kilatini, na ninasoma humu kwa sababu darasani wanasimama.

 

Eliudi akaweka chini katoni. Akasema alidhani ni Benedict mwingine. Akaondoka na mkokoteni wake, taratibu, kama mtu aliyedhulumiwa.

Jumatatu, 19 Mei

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza kama siku zote hizo saa nane nilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye meza yake. Nikasema kumi na nane. Akasema wewe kasichana, wewe.

Hukumu: kontena linaondoka Jumatano bila kukosa. Kila katoni ifunguliwe, kilichomo kitambuliwe, kisha kiandikwe upya kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, pamoja na alama ya mwenyewe. Kisha niandike orodha yote tena kwa karatasi za bandari. Katoni mia moja arobaini na nne. Na mtihani ni Ijumaa! Nikamwambia Shangazi huo ni muda wangu wa mizizi. Akasema mizizi ndiyo hii, chimba.

Mama Nadège naye akamtoa Marlène anisaidie, kwa kuwa alijua tangu Jumamosi na akanyamaza. Marlène akalalamika kwa lugha tatu. Nikamuuliza kwa nini hakunisema. Akasema alitaka kuona kama nitamwuzia Bwana Spect na viatu vyangu.

Jumatano, 21 Mei

Mikono yangu inanuka gundi. Siku tatu za maneno mafupi, makavu, yasiyo na ukoo. Upawa ni ladle. Chujio ni sieve. Bawaba ni hinge. Kifuniko ni lid. Komeo ni latch. Kile kikofia cha kidole cha mshonaji ni thimble. Utayavunja vipi maneno kama hayo? Hayana kichwa wala mkia! Tulipokwama Marlène alitafuta kwenye simu akasoma kwa sauti, mimi nikaandika, kisha mimi nikasoma orodha, yeye akahakiki. Ladle katoni kumi na mbili. Hinge katoni tisa. Usiku naziona nikifumba macho. Nafasi iliyokuwa ya Kilatini imejaa mafagio.

Kama adhabu haikutosha, jana Shangazi alinipandisha mwenyewe mpaka ghorofa ya sita akakaa kiti cha nyuma. Nikasimama. Nikasema jina langu na ninakotoka. Sekunde nne. Nikakaa. Mwalimu akasema karibu. Hakuna aliyekufa, lakini hiyo ni bahati, si mbinu.

Lori limeondoka saa kumi. Bwana Abednego alihesabu katoni zake mara mbili, akanipa mkono akasema Laoban Dict, kwaheri.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano: mizizi sikuigusa kabisa. Nitaenda mtihanini na ile ishirini na minne tu. Itatosha.

Ijumaa, 23 Mei

Mtihani umetungwa vibaya. Sisemi kwa uchungu. Nasema kama mtaalamu.

Maswali sitini, na karibu yote ni picha! Vyombo, zana, vitu vya nyumbani, andika jina lake. Mlango una nini hapa? Mpishi ameshika nini? Mshonaji amevaa nini kidoleni? Wazazi wanalipia mwaka mzima wa chuo ili watoto wao wajue kifuniko? Niliandika haraka haraka bila heshima, nikibaki na muda wa kutafuta Kilatini. Nimekipata sehemu mbili. Transport, na nyingine nilidhani ni Kilatini, kumbe ilikuwa jina la mtunzi.

Marlène ametoka akicheka. Ishara mbaya kwake.

Jumanne, 27 Mei

NIMEPITA! Arobaini na sita! Kuku mia nne wa Mjomba Japheth, tafuteni mtu mwingine!

Shangazi alinikumbatia mbele ya Shifu Liang, naye akavua kofia. Kwa mara ya kwanza! Ana upara. Mama alilia kwenye simu kisha akauliza kama nakula vizuri.

Marlène amepata arobaini na saba. Moja zaidi. Nimetafakari na nimeona ni bahati tu.

Tumekunywa chai naye uani. Akasema ajabu, nusu ya maswali yalikuwa zile katoni tulizoandika, bila adhabu ya Shangazi tungelia sote. Nikamtazama kwa huruma. Maskini. Amesoma miaka kumi na miwili kwa Kifaransa na bado haoni. Kilichonipitisha ni Kilatini! Akili iliyonolewa kwa mizizi hukata chochote, hata fagio. Lakini sikumwambia. Mshindani hafundishwi bure.

Jumatano, 28 Mei

Nimesoma kwamba Kilatini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni Kigiriki! Chrono, wakati. Phon, sauti. Geo, ardhi. Mizizi mia na arobaini nimeiorodhesha kabla ya kifungua kinywa. Chuo kinafungua Septemba, nami nitaingia nikiwa nimekamilika pande zote mbili.

Katoni siwezi. Nimejifunza: katoni zina wenyewe. Lakini ngazi za jengo letu hazina mwenyewe! Ghorofa tisa, na vidato nimevihesabu, ni mia na arobaini na nne. Kila siku napanda, kila siku nashuka, jicho linakutana na mzizi. Na hakuna mtu duniani atakayepakia ngazi kwenye kontena. Nimefikiria kila kitu.

Nilianza alfajiri. Kufikia saa mbili nilikuwa ghorofa ya tatu. Mwandiko umetoka vizuri mno. Saa nne mama mwenye jengo alibandika tangazo jekundu pale chini, refu, lenye alama nyingi za mshangao. Kichina changu hakijafika huko. Nimeona wapangaji wawili wakilisoma, kisha wakitazama ngazi. Nadhani wamependa.

Kesho nafika ya sita. Wewe uliyeshika daftari hili, sijui umelipataje, lakini sasa tuko wawili. Ukipita ngazini ukanikuta nimepiga magoti na kalamu, nipishe, endelea na safari yako. Shangazi akikuuliza, hukuona mtu. Tafadhali. Nifichie tu mpaka ghorofa ya tisa.